Hatari hii ni ya nani? Maneno yanayotula mtaji sokoni

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa hapa Sumbawanga alinijia na fomu ya mkopo mkononi, tayari ameshaitia saini. Kilichomleta ni kifungu kimoja tu, kilichosema kwamba mkopaji amevisoma na kuvielewa vihatarishi vyote vya mkopo huo na anavikubali. "Mzee," akaniambia, "hawa watu wanadhani mimi naweka petroli? Ghalani kwangu mna mahindi na maharage matupu. Kihatarishi kitatoka wapi?"

Hakuwa anatania. Kwake yeye kihatarishi ni kitu kinachoweza kuwaka au kulipuka. Alitia saini kwa moyo mweupe, maana hakuwa na mitungi ya gesi ya kumficha mtu. Kumbe kifungu kile kilikuwa kinamwambia neno jingine kabisa: bei ya mahindi ikianguka, deni liko palepale.

Kosa si la ndugu huyu peke yake. Lugha tunayofanyia biashara ina maneno mengi ya kutuonya kwamba baya linakuja, lakini ina machache yanayosema baya hilo litamwangukia nani. Na kwa mtu mwenye mtaji, hilo la pili ndilo lenye fedha.

Tuanze na neno hatari lenyewe. Tunalisoma kila siku. Limeandikwa kwenye transfoma ya umeme pamoja na picha ya fuvu la kichwa. Limo katika onyo la pakiti ya sigara. Dereva anayeteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kupitia milima ya Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa analijua bila kusomewa kibao. Mwaka 1962 Wamarekani walitoa filamu waliyoipigia hapa kwetu Tanganyika, John Wayne akiwa mtu wa kukamata wanyama wa porini, wakaiita "Hatari!", na neno letu likajulikana hata kwa watu wasiojua Kiswahili kingine chochote. Vijana nao wameligeuza kuwa sifa: mshambuliaji anayefunga kila wiki ni hatari, na wimbo mzuri nao ni hatari. Lakini ukiacha sifa hizo za vijana, ujumbe wa neno ni mmoja tu: kaa mbali, usiguse, kimbia.

Mfanyabiashara hawezi kukaa mbali. Anayenunua mahindi Laela au Namanyere mwezi wa Julai, wakati kila ua umejaa magunia, akayahifadhi hadi Januari au Februari, amekaa na hatari nyumba moja kwa miezi sita. Dumuzi anaweza kuingia (yule mdudu ambaye wakulima walimpa jina la Scania). Bei inaweza kupanda, inaweza kulala, inaweza kuanguka. Faida anayoipata mwenye ghala, kama ataipata, ni malipo ya kukubali kukaa na mashaka hayo ambayo mkulima hakuweza kukaa nayo kwa sababu ada ya shule ilikuwa mlangoni. Kumwambia mtu wa namna hii "kuna hatari" ni kama kumwambia mvuvi wa Kasanga kwamba ziwani kuna maji.

Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, khatar, nalo kwa Kiswahili limebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Waingereza wana neno la baya la kuogopwa, na wana jingine la baya linalopimwa, linalogawanywa na kulipiwa. Sisi yote mawili tumeyatia katika kapu moja. Ndiyo maana wataalamu wa ofisini wakaunda hatarishi na kihatarishi, na siku hizi hukosi kuyaona katika taarifa za ukaguzi na za mabenki. Sina ugomvi na maneno hayo. Yameundwa kwa kanuni za lugha. Ugomvi wangu ni kwamba yamefika kwenye fomu kabla ya kufika sokoni, na fomu ndiyo inayotiwa saini.

Hapa niseme jambo moja pembeni. Chimbuko la lile neno la pili la Kizungu bado linabishaniwa na wanazuoni. Linaonekana mapema katika lugha ya wafanyabiashara wa baharini wa Italia, na miongoni mwa dhana zinazotajwa ipo inayolihusisha na neno la Kiarabu rizq, yaani riziki yetu hii hii. Sitaapia dhana hiyo. Lakini mchuuzi anayeondoka alfajiri akisema anakwenda kutafuta riziki, wakati anachokwenda kufanya ni kuingiza akiba yake yote kwenye lori moja la maharage, ameyaunganisha mambo mawili hayo bila kumsubiri mwanazuoni.

Soko lina msamiati wake. Mtu akiweka nyumba rehani akanunua ulezi, tunasema amejilipua. Akiingia biashara asiyoijua, amejitosa. Biashara yenyewe ya msimu tunaiita pata potea, jina la ule mchezo wa karata wa stendi ambao mwenye karata peke yake ndiye anayejua iliko. Akishindwa, mtaji umekata. Akidanganywa, amelizwa, au ameingizwa mjini. Maneno haya ni matamu kuyasikia, lakini yatazame vizuri: mawili ya kwanza yanasifu ujasiri, la tatu linalaumu bahati, na yaliyobaki yanakuja baada ya fedha kwenda. Hakuna hata moja linalomfanya mtu achukue kalamu.

Isipokuwa moja. Vijana wana msemo wa "imekula kwako". Wazee tunaudharau kwa sababu ni wa mtaani, na mara nyingi husemwa kwa kejeli. Mimi nauona kuwa ndio msemo sahihi kuliko yote tuliyo nayo. Hausemi tu kwamba hasara imetokea. Unaitaja anwani yake. Imekula kwako, si kwangu. Mtu anayeusema baada ya biashara ni mcheshi. Anayeugeuza swali kabla ya biashara, "ikila, itakula kwa nani?", huyo ameshaanza kuwa mwekezaji.

Jaribu swali hilo kwenye mali kauli, ambayo ndiyo mkataba mkubwa wa soko letu ingawa haina karatasi. Mkulima anampa mchuuzi magunia 40 kwa neno tu, atalipwa mchuuzi akirudi. Njiani mvua inalowesha magunia kumi kwa sababu turubai lilikuwa na matundu. Mchuuzi atasema mali ilikuwa bado ya mkulima, yeye alikuwa msafirishaji tu. Mkulima atasema mali ilipopandishwa kwenye lori ilikuwa imeshauzwa. Mwenye lori atatoa risiti yenye maandishi madogo kwamba mzigo unasafirishwa kwa hatari ya mwenye mali, bila kusema mwenye mali ni yupi kati ya wale wawili. Wote watatu ni waaminifu, na wote watatu watafika kwenye baraza la kata. Walikubaliana bei, wakakubaliana siku, ila lile swali moja hawakuulizana, kwa sababu katika adabu yetu kulitaja baya ni kama kuliita.

Wasomaji waliokuwa sokoni siku nyingi watakumbuka kwamba kuna wakati swali hilo halikuwa letu. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Ufipa, aliye mbali kabisa na Dar es Salaam, alilipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, sawa na mkulima wa karibu na mji. Mikoa ya pembezoni kama Rukwa ilinufaika sana na mpango huo, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Umbali, barabara mbovu, mafuta ya lori, yote yalikuwa yanakula kwa NMC. Yalikula kweli, na madeni ya shirika yakawa mzigo kwa taifa zima.

Mfanyabiashara binafsi wa wakati ule alikuwa na hatari ya aina yake, nayo ilikuwa pingu. Alikuwa akiitwa mlanguzi. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, haukuhitaji kamusi. Kisha mambo yakalegezwa: mwaka 1984 kiasi cha nafaka ambacho mtu binafsi aliruhusiwa kukivusha mkoa kilipandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Tulishangilia soko huria, na sikatai kwamba tulikuwa na sababu. Ila wengi tulidhani hatari imeondoka pamoja na NMC. Haikuondoka. Ilishuka kwenye mabega ya shirika ikapanda kwenye ya mkulima na mchuuzi, na hakuna aliyebandika tangazo.

Tangu hapo hatari kubwa ya mahindi ya Ufipa imekuwa na sura ya mpaka. Tuko karibu na Zambia na Kongo kuliko tulivyo karibu na Dar es Salaam, na njia za Kasesya na Tunduma ndizo zinazotupumulisha mavuno yakiwa mengi. Mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi. Mwezi Juni mwaka 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza tena zuio, katika msimu ambao maghala yetu yalikuwa yanafurika, na bei ikaporomoka. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ikayakataa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikafungua kwa masharti. Wapo wafanyabiashara waliolisikia neno sumukuvu kwa mara ya kwanza wiki ile, wakati malori yalikuwa njiani. Halafu mwaka 2024 ukame ukaipiga Zambia, Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la kitaifa, na mahindi yetu yakatakiwa kwa wingi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mpaka ni ule ule. Janga la jirani likawa soko letu, kama zuio la mwaka 2017 lilivyokuwa nafuu kwa mnunuzi wa unga wa mjini. Ukiliita jambo hili hatari, ukaishia hapo, hujaeleza kitu, kwa maana tukio moja limemfilisi huyu na kumlisha yule.

Wengine hawaishii kwenye hatari; wanakwenda mbali zaidi. Mtu akipoteza magunia 200 kwa zuio la mpakani, jirani zake watanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mji wetu unajua utani huu kuliko mwingine wowote. Jina la Sumbawanga huelezwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi kabla ya kuingia, na wageni kutoka Dar es Salaam wakifika hapa huanza na mzaha wa radi kabla ya kusalimia. Tunacheka nao. Lakini nimeona mtu akitumia mwezi mzima kumtafuta aliyemloga, wakati tangazo lililomwangusha lilisomwa redioni na wote tukalisikia. Mkono wa mtu haumpi mfanyabiashara funzo lolote la msimu ujao. Unampa adui tu.

Neno ajali nalo lina makosa ya namna hiyo. Kwa asili yake ya Kiarabu ni muda uliokwisha kupangwa, siku ya mtu kufa ambayo haisogei mbele wala nyuma. Sisi tunalitumia kwa lori lililopinduka kwa sababu breki zilikuwa zimekwisha. Ndipo unaposikia kwamba ajali haina kinga, msemo ambao, kwa maoni yangu, umeyapa makampuni ya bima kazi ngumu nchini kuliko umaskini. Na hata wale wanaokata bima, wengi wanajua aina mbili tu, ndogo na kubwa. Bima ndogo inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Kubwa inaongeza gari lako mwenyewe. Mzigo uliomo ndani ya lori haumo katika hizo. Unahitaji bima yake ya mizigo. Mwenye maharage anayesikia kwamba lori lina bima akatulia, ametulizwa na bima inayomlinda mtu mwingine. Na hakuna kati ya hizo inayolipa kwa sababu bei imeshuka.

Upande wa wawekezaji wadogo kuna neno linaloniogopesha kuliko hatari, nalo ni dhamana. Mtaani dhamana ni kitu cha kukutoa mashaka: ndugu yako anakuwekea dhamana polisi, unaweka shamba dhamana benki. Sasa mamlaka inayosimamia hisa na hati fungani, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1994, inaitwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hapo dhamana maana yake ni karatasi zenyewe zinazouzwa na kununuliwa, zikiwemo hisa ambazo zinaweza kushuka thamani. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo mwezi Aprili mwaka 1998, nimekutana na watu walionunua hisa wakiamini kuwa neno hilo ni ahadi ya kurudishiwa fedha. Si ahadi. Hati fungani ya serikali ina ahadi ya riba na ya mtaji kwa anayekaa nayo hadi mwisho. Anayelazimika kuiuza katikati ya safari, wakati riba sokoni zimepanda, ataiuza chini ya alivyonunua. Vipande vya mifuko ya uwekezaji navyo hupanda na kushuka pamoja na kilichomo ndani yake.

Na tusisahau DECI. Ule mpango ulipozimwa mwaka 2009 haukuwa umetumia neno hatari, wala hisa, wala riba. Watu waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna. Ni maneno ya shambani na ya kanisani, na katika nchi ya wakulima hakuna maneno yanayoaminika zaidi ya hayo. Mkulima anajua mbegu inaweza kukosa mvua. Ajabu ni kwamba fedha ilipoitwa mbegu, hakuna aliyeuliza habari za mvua.

Narudi kwa ndugu yangu wa fomu. Tulikaa na kalamu. Namba nitakazotoa nimezizungusha ili nisimwanike, lakini sura yake ni ile ile. Alinunua magunia 100 kwa shilingi 60,000 kila moja, jumla shilingi 6,000,000. Zake mwenyewe zilikuwa 2,000,000 na za mkopo 4,000,000. Riba ya msimu ni 400,000, na mkopeshaji haipunguzi hata ukilipa mapema. Ghala, dawa na vibarua ni 300,000.

Nikamwambia tuseme bei imeshuka hadi 45,000. Akasema ni robo tu, atavumilia. Tukahesabu. Magunia 100 yatampa 4,500,000. Mkopeshaji anachukua 4,400,000. Inabaki 100,000, na gharama za ghala ni 300,000. Bei imeshuka robo, lakini milioni mbili zake zimekwisha zote na bado anadaiwa 200,000. Mkopeshaji hajapoteza hata senti. Amepata riba yake kamili. Hicho ndicho kihatarishi alichokuwa amekikubali kwa saini.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama saini inaweza kufutwa. Haiwezi. Lakini mahindi yalikuwa bado ghalani na bei ilikuwa bado haijatikisika. Magunia 74 yalitosha kulipa deni lote na riba yake. Yaliyobaki, 26, yangekuwa yake peke yake, bila mwenzake wa ofisini; akitaka kuyashikilia hadi Februari ayashikilie, yakipanda yapande kwake, yakishuka yashuke kwake. Alilalamika kwamba anaitupa faida ya magunia 74 bure. Nilimjibu kwamba haitupi bure, anailipia usingizi, na akitaka kuuita usingizi huo bima anaruhusiwa.

Magunia 74 yaliondoka wiki iliyofuata. Yale 26 bado yapo.